Siku Sita za Namalwa

Landhi za Reli, Nakuru
20 Februari 1955

Mpendwa Babu,

Nakusalimu kutoka hapa Nakuru, mimi na Hiram. Sisi wazima, isipokuwa miguu yangu imekataa viatu na nashinda na ndara za Hiram. Wewe je, kifua? Kipkorir wa lori la viazi alituambia siku hizi ukikohoa unashika ukuta. Dawa uliyopewa uinywe mwenyewe, usimgawie kila anayekuja kukuamkia.

Babu, mwezi ujao nitajifungua, Mungu akipenda. Mama mkwe alitaka kuja kutoka Kimilili kunihudumia, lakini goti limemshinda, hawezi kupanda treni. Kwa hiyo nitakuwa peke yangu siku nyingi, maana Hiram unamjua, wiki nzima yuko Kisumu na garimoshi.

Hapa landhi, kwenye hizi nyumba za wafanyakazi wa reli, kuna mama mmoja Mjaluo, Mama Ogola, mzee kidogo. Karibu watoto wote wa mstari wetu wamezaliwa mikononi mwake. Kila jioni anapita mlangoni na kunitazama tumbo kama mtu anayechagua ng'ombe. "Nyar Molo," ndivyo anavyoniita, binti wa Molo, "mtoto ameshuka?" Nimemwambia kwa adabu asijisumbue, nitakwenda hospitali. Akacheka. "Haya, mtoto wa dresa. Uchungu ukija mbio, utauambia ungoje basi?" Sikumweleza sababu.

Sababu unaijua. Wewe na marehemu Nyanya ndio mlionilea, na tangu nilipopata akili mmeniambia kwamba mama yangu Namalwa alikufa siku ya sita baada ya kunizaa, kwa mikono michafu ya mkunga wa shambani, yule Nanyama. Baba naye aliondoka na jambo hilo moyoni, akaenda Tororo, na hajarudi kuniangalia vizuri mpaka leo. Sitaki mkono wa namna hiyo unikaribie. Nikitoka hospitali nitafunga mlango wangu na kujitunza mwenyewe.

Wewe umekuwa dresa miaka thelathini, ukitibu watu wa shamba. Niandikie, nitazame nini?

Mjukuu wako,
Milcah


Molo
27 Februari 1955

Mjukuu wangu Milcah,

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa habari, mara ya pili kwa kusikia sauti yako. Nashukuru mko salama. Mimi nipo. Kifua changu nimekisikiliza mwenyewe kwa chombo changu cha zamani, na nilichosikia humo niliwahi kukisikia kwa wagonjwa wengi, kwa hiyo sitakudanganya kuwa kitapona. Lakini mkono bado unashika kalamu.

Umeniuliza utazame nini. Watu hudhani hatari ni siku ya uchungu. Mtoto akishalia wanapika chai, wanaimba, na mama anasahauliwa kitandani. Wengi niliowaona wakifa walikufa baada ya chai hiyo.

Tazama damu. Itatoka, na inatakiwa itoke, lakini ikilowesha kitambaa kizima kabla kikombe cha uji hakijapoa, kisha kingine, au yakitoka mabonge makubwa kama yai la kuku, usingoje mtu atoke kazini. Kichwa kikikuuma kama kinapasuliwa, macho yakaona ukungu, uso ukavimba, usiseme ni uchovu. Hayo hutangulia degedege, na nimeona degedege ikimchukua mwanamke aliyekuwa akicheka asubuhi. Mguu mmoja ukivimba na kuwa moto kuliko mwenzake, usimruhusu mtu yeyote aukande, hata akisema mama yake alikuwa bingwa wa kukanda.

Kisha homa. Siku ya tatu, maziwa yanapoingia, mwili hupata joto kidogo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Joto la maziwa haligonganishi meno. Ukitetemeka chini ya blanketi mbili, tumbo la chini likauma likiguswa, na damu ikaanza kutoa harufu ambayo si ya damu, hayo si maziwa wala malaria. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama unaweza kutembea. Hasa kama unaweza kutembea.

Na jambo ninalokuomba ulishike kuliko yote: mgonjwa hajioni. Homa humwambia mtu kwamba ni mzima. Lazima awepo mwanamke mtu mzima wa kukutazama, avione vitambaa vyako, akuguse paji la uso asubuhi na jioni. Mwache huyo Mama Ogola aingie. Najua tulikuambia nini zamani. Mwache aingie hata hivyo.

Habari za mama yako tutaongea siku nyingine, nikipata nguvu.

Babu yako,
Joash Khaemba


Landhi za Reli, Nakuru
15 Machi 1955

Mpendwa Babu,

Salamu kwako, na pole kwa baridi ya huko. Una kitukuu. Ni mvulana, na Hiram alikwisha sema akiwa mvulana ataitwa Simiyu kwa kuwa kiangazi hakijaisha.

Alikuja Jumamosi asubuhi bila kungoja mtu. Hiram alikuwa safarini. Nilipoona maji yamemwagika nilimwita Chepkosgei wa nyumba ya pili, msichana aliyeolewa juzi, hajawahi hata kuona mbuzi akizaa. Alilia kuliko mimi. Lakini mtoto alitoka vizuri, na vile vingine vikafuata, Chepkosgei akavifunga kwa gazeti na mume wake akavifukia. Tulicheka baadaye. Sikuona haja ya hospitali tena, jambo lilikuwa limekwisha.

Tangu jana jioni nina joto. Naona ni maziwa kama ulivyosema. Nilitetemeka kidogo, lakini asubuhi ilikuwa na umande. Tumbo linakaza, nadhani ni chango tu. Damu ina harufu, ila maji ya bomba yalikatika siku mbili na sikufua vizuri.

Mama Ogola alikuja na uji, akataka kuona vitambaa. Nilimzuia mlangoni. Nilimkumbuka mama, nikaona ile mikono mbele yangu, nikafunga komeo. Akasema kwa nje, "Nyar Molo, mimi sikuja kuiba mtoto." Niliona aibu lakini sikufungua. Sasa anakaa kwenye ngazi yetu anachambua maharagwe, kila nikichungulia yuko pale.

Hiram atarudi Ijumaa. Rafiki yake gadi wa treni ya leo ataishusha barua hii Molo. Mwandiko wangu unakwenda kombo, usiudhike. Mimi sijambo kabisa. Hata sisikii njaa.

Mjukuu wako,
Milcah


Molo
16 Machi 1955

Milcah,

Leo sikusalimu. Kipkorir amesimama mlangoni pako na nimemwapisha asiondoke bila wewe. Fungua komeo. Mwite Mama Ogola, mwonyeshe vitambaa, fanya atakalosema, kisha panda lori, wewe na mtoto, mwende hospitali sasa hivi. Usioge kwanza. Usimngoje Hiram. Barua hii iweke kifuani, yaliyobaki utayasoma ukiwa kitandani huko.

Kama bado unasita kwa ajili ya mama yako, basi jua hili: Nanyama hakumuua mama yako. Mimi ndiye niliyemwacha afe. Sasa inuka.

*

Ukifika hapa, natumaini unasoma ukiwa umelala kwenye shuka la hospitali.

Namalwa alikuja hapa kwenye shamba la mzungu kutoka Kimilili wiki tatu kabla ya kujifungua. Baba yako Khisa alikuwa kwenye genge la reli, mbali. Alizaa Jumamosi, Agosti ya mwaka 1932, mikononi mwa Nanyama, katika ile nyumba ya mbao ya Khisa unayoijua. Mimi nilikuwa dresa wa shamba na mzee wa kanisa. Nilikuwa nimewakataza wanawake wote wa shamba kuzalishwa na wakunga, na nyumba yangu mwenyewe ilinishinda kwa sababu mtoto alikuja kabla sijajua la kufanya. Hilo liliniudhi, na hasira hiyo iliingia katika kila nililofanya baadaye.

Jumanne homa ikapanda. Unajua desturi yetu. Mkamwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, na baba mkwe haingii anamolala mkamwana. Wake za watu wengine niliwapima na kuwafunga vidonda bila kuona haya. Mke wa mwanangu nilimtibu nikiwa nje, nikizungumza na ubao. Nilimpa Nanyama kipimo cha homa kupitia mlangoni, akanirudishia, zebaki ilikuwa digrii mia na tatu, homa kali. Nyanya yako alikuwa ndani akimfuta jasho. Nilipaswa kuuliza habari za damu na harufu yake. Nilikuwa nimefundishwa kuuliza hivyo na daktari wa misheni, maneno yale yale niliyokuandikia. Lakini kwa ulimi wangu, juu ya mwili wa mkamwana wangu, mbele ya wanawake wawili, sikuweza.

Nikajiambia kwamba ametoka nyanda za chini na kila atokaye huko huja na malaria. Katika daftari la dispensari niliandika neno hilo moja. Nilipeleka kwinini Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Siku hiyo ya Alhamisi harufu ilipita katikati ya mbao ikanifikia pale nje, nami niliijua. Lori la shamba lilikuwa uani. Ili nilipate ilinibidi nimwambie mzungu, na karani wake akitafsiri, kinachomuuma mke wa mwanangu. Nikasema nitangoja kesho. Kesho yake, Ijumaa adhuhuri, akafa.

Baada ya mazishi watu waliuliza. Nikasema ni mikono ya Nanyama. Niliyasema mara moja tu, na ilitosha. Yeye na mumewe walipewa siku saba wahame. Baba yako alipofika nilimwambia hivyo hivyo, na Nyanya yako akaamini kwa kuwa ni mimi niliyesema. Nawe nilikufundisha ukiwa magotini pangu.

Nilidhani uongo ule ulimdhuru Nanyama peke yake. Jana nimesoma kwamba umefunga komeo.

Babu yako,
Joash Khaemba


Molo
3 Aprili 1955

Mjukuu wangu Milcah,

Nakuamkia na kumwamkia mtoto, na Hiram akiwapo. Kwangu kuna baridi na ukungu, na nimeongezewa mto wa tatu ili niweze kupumua.

Sijapata neno kutoka kwako kwa siku kumi na nane. Ninachojua ni alichonieleza Kipkorir. Alisema: "Mzee, mjukuu wako ni mbishi. Alisoma nusu ukurasa akaniambia nitoke nje. Nikatoka. Halafu nikasikia anamwita yule mama kwa sauti ya mtoto mdogo. Yule mama aliingia, akanusa tu, akarudi akaniambia, 'Washa gari.'" Anasema alikuacha kwenye lango la hospitali ukiwa unatembea, na Mama Ogola amembeba Simiyu mgongoni. Zaidi ya hapo hajui, maana siku hizi anapeleka viazi Kisumu.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Naomba mstari mmoja tu, hata wa Hiram, unaosema upo.

Babu yako,
Joash Khaemba


Landhi za Reli, Nakuru
5 Juni 1955

Babu,

Nakusalimu. Natumaini mto wa tatu unasaidia. Mimi nipo, na Simiyu ameongezeka uzito.

Nilikaa hospitali siku kumi na tisa. Siku nne za kwanza sizikumbuki. Muuguzi aliyenipokea alimuuliza Mama Ogola swali moja kabla ya yote: "Nani alitazama kondo la nyuma?" Mama Ogola akasema, "Gazeti." Hakuwa anafanya mzaha. Daktari alinitoa kipande kilichobaki ndani, kikubwa kama nusu ya ganda la yai, kilikuwa kimeoza. Nilichomwa sindano za penisilini mpaka sikujua nilalie upande gani. Daktari alisema ningengoja mpaka Ijumaa Hiram arudi, angewakuta majirani wakimpa pole ya msiba.

Mama Ogola alimlea mtoto siku zote hizo pamoja na binti yake anayenyonyesha. Sijui nitamshukuru kwa nini kwanza. Nilipomwomba msamaha kwa ajili ya komeo alisema, "Mlango wenyewe ni wa karatasi, ningeuvunja jioni ile. Nilikuwa namalizia maharagwe."

Barua yako niliisoma yote siku ya nane. Nilipomaliza niliiweka chini ya godoro na sikutaka kukuandikia. Si kwamba sikuwa na nguvu. Hiram alitaka kukupelekea habari, nikamkataza. Nilitaka ungoje. Sasa nimekwambia.

Mwezi wa tano niliuliza kanisani, na mtu akanieleza kwamba Nanyama yuko Subukia, kwa mwanawe anayefanya kazi kwenye shamba la kahawa. Jumatano nilikwenda na basi, mimi na mtoto. Ni bibi mdogo, mgongo umepinda, jicho moja limefumba. Nilipotaja jina langu alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga. "Kumbe ndiwe. Ulikuwa mdogo kama sungura, ukanikojolea mkono kabla sijakufuta." Kisha akamchukua Simiyu bila kuomba ruhusa, akamkagua kila kidole, akaniuliza kama nakunywa uji wa kutosha.

Nilimsomea barua yako, kuanzia kwa Namalwa mpaka mwisho. Nilipomaliza akasema, "Amesema vizuri. Amesema yote isipokuwa beseni."

Nikamuuliza beseni gani.

"Jumamosi ile ile, kabla jua halijapanda. Kondo lilitoka lakini sikulipenda. Upande mmoja ulikuwa umekatika. Mimi mkono wangu unajua kuzalisha, lakini yeye ndiye mwenye shule. Nikaliweka katika beseni jeupe, nikalifunika kwa leso, nikampelekea mpaka uani. Nikamwambia, Mzee Joash, tazama hili, naona halikutimia. Akageuza uso, akatazama ng'ombe. Akasema, 'Mwanamke, huna haya? Huyo ni mkamwana wangu. Nenda kafukie.' Nikafukia. Jumanne nilimwambia tena, harufu imeanza. Akanikataza nisikanyage nyumba ile."

Babu, nilirudi kwenye barua yako ya Februari. Ulinieleza damu, kichwa, mguu, homa, tumbo. Kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri. Juu ya kondo la nyuma hukuandika neno hata moja. Ungeandika mstari mmoja, Chepkosgei angetazama kabla ya kulifunga gazetini. Na hata ulipokuja kuungama, ukaliacha tena.

Nanyama hakuomba kitu. Nilimuuliza anataka nikuambie nini. Mtoto alikuwa amelala mapajani pake. Akasema miaka hii yote kuna jambo moja analotaka kulijua, na hakuna wa kumuuliza ila wewe. Alipokatazwa nyumba ile siku ya Jumanne, Namalwa aliishi siku tatu zaidi. Anataka kujua kama alimwita, au kama naye alikufa akiamini kwamba ni Nanyama aliyemuua.

Nimemwahidi jibu. Usiniandikie mimi. Jibu yeye, nami nitamsomea.

Milcah


Molo
13 Juni 1955

Milcah,

Nawasalimu nyote wawili, wewe na Mama Nanyama. Kifua kimezidi. Moyo leo umetulia kuliko miezi mingi.

Kwanza beseni. Ni kweli, kama alivyosema, na ng'ombe niliowatazama nawakumbuka hata rangi. Februari nilipokuwa nakuandikia dalili nilianza mstari wa kondo mara mbili, na mara mbili nikachana karatasi, kwa sababu kila nilipoandika "litazamwe" nilimwona Nanyama amesimama uani na leso. Nikajiambia utazalia hospitali, huko watatazama wao. Hivyo ndivyo nilivyokaribia kukuua nawe. Machi nilipoungama, nilichagua niungame aibu, maana aibu watu huielewa. Kuonyeshwa na kukataa kutazama ni kitu kingine.

Jana Jumapili nilibebwa kwa kiti mpaka kanisani. Mzee wa zamu alisoma niliyoyaandika, pamoja na beseni, pamoja na uongo wa makaburini, mbele ya watu ambao wengi wao wazazi wao ndio waliomfukuza Nanyama. Aliposoma jina lake kulikuwa na wanawake wawili wazee waliofunika nyuso. Mmoja alitoka nje na hakurudi. Hakuna aliyenisogelea baada ya ibada isipokuwa wale walionibeba. Hivyo ndivyo inavyostahili. Nakala ya maneno hayo nimempelekea Khisa huko Tororo.

Sasa nakujibu wewe, Mama Nanyama.

Namalwa alikuita. Hakuwahi kusema kwamba umemuua, wala hakuna aliyemwambia hivyo akiwa hai. Alikuita Jumatano asubuhi, mke wangu akanijia nje kuuliza kama uje, nami nikasema hapana. Alikuita tena jioni. Alhamisi, saa kumi hivi, nilikuwa nimesimama ukutani na chupa ya kwinini, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "Mwiteni Nanyama aje anitazame. Yeye anajua kilichobaki."

Mke wangu alikuwa amekwenda mtoni. Ndani alikuwamo yeye na mtoto tu. Nikajibu mwenyewe, kupitia ubao. Tangu aolewe na mwanangu sikuwahi kusema naye neno moja kwa moja. Hilo lilikuwa la kwanza. Nilimwambia, "Nanyama amehama shamba."

Hukuwa umehama. Ulikuwa umekaa mbele ya nyumba yako chini ya mteremko, mikono magotini, umeelekea kwetu. Kutoka niliposimama nilikuwa nakuona.

Akasema, "Haya, baba." Na baada ya hapo hakukuita tena.

Joash Khaemba